Wewe Mtoto wa Nani?

Mjukuu wangu Neema,

Huku Nkoaranga hatujambo, kikohozi cha babu yako kimepungua. Umeniuliza, kwa ajili ya masomo yako, nini humzuia mtu asiibe. Nilipokuwa sekondari, mitumba ilipoanza kuruhusiwa, kijana alikamatwa na suruali ya wizi sokoni Ngaramtoni. Watu wakaokota mawe. Mama yangu akajipenyeza, akamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Kijana akataja jina la baba yake, na mama alilijua.

"Basi nitamwambia baba yako."

Kijana hakulia alipoyaona mawe, lakini hapo akalia. Watu wakacheka, wakayatupa chini.

Njiani nikauliza, "Mama, na angekuwa mgeni?" Akaushika mkono wangu kwa nguvu.

Neema, huko Dar majirani wanakujua kwa jina?

Bibi yako