Selotepu kwenye Mkanda wa Harusi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Bado niko hai. Daktari alinipa miezi miwili, nimempita kwa wiki tatu — namwonea haya! Nasrin, mjukuu wa mke mwenzangu Adila, kaniwekea tamthilia kwenye simu. Sehemu kumi na moja mfululizo, bila kusubiri wiki. Mwishowe sijui nani kamposa nani. Zamani ukikosa, umekosa. Au unategesha deki ya video irekodi.

Bora nisingeitaja deki.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa! Nasrin katafuta kanga sandukuni mwangu, kaibuka na mkanda wa video. Mwandiko wa marehemu mume wetu, Mwinyijuma: Harusi ya Adila, usifute. Miaka ishirini na nne nimemwambia Adila kwamba deki iliula.

Adila kaupakata kama kichanga. "Dada, kumbe deki iliutapika!"

Marehemu mama yake aliimba siku ile. Sauti yake haipo kwingine popote. Kesho Nasrin anampelekea fundi Dar, autie kwenye flashi.

Ijumaa, 15 Agosti

Niandike, maana ulimi umegoma. Siku ya sehemu ya mwisho ya tamthilia yangu nilikuwa na kikao cha walimu Kiwangwa. Nikaitegesha deki. Mkanda wa harusi ulishavunjwa kile kijipande cha plastiki, usirekodiwe tena. Nikaziba tundu kwa selotepu, ukakubali kurekodi.

Mikanda mingine ilikuwepo. Wa mpira — ningepewa talaka. Wa mawaidha — nilimwogopa Mungu. Lakini huko ni kujitetea. Niliuchagua ule. Nilitaka harusi ile isiwepo.

Halafu umeme ukakatika katikati! Hata mwisho wenyewe sikuuona. Kuutupa nikashindwa — nusu ya tamthilia imo.

Leo Adila ananiogesha, nikasema, "Adila, kuna jambo."

"Inua mkono, Dada."

Nikainua.

Jumapili, 17 Agosti

Flashi imo kwenye runinga. Naandika huku wanatazama.

Katokea kwanza mwanamke wa tamthilia, analia kwenye ngazi. Nasrin: mbona siyo harusi? Nikasema. Yote — selotepu, mawaidha, deki isiyokula kitu. Nasrin kajishika mdomo. Adila kauliza tu umeme ulikatika baada ya muda gani. Sijui, nilikuwa Kiwangwa.

Nasrin kataka kuipeleka mbele. "Simu zenu hizo," Adila kamwambia. "Hii iache iende. Dada aliirekodi, aitazame."

Basi natazama. Dakika ya ishirini. Ya thelathini. Tamthilia mbovu kweli! Nimemuuliza Adila, mama yake aliimba mwanzo au mwisho. Mimi siku ile nilijifungia chumbani, nasahihisha mitihani ya jiografia.

Adila kashika kikombe cha uji wangu, anaupuliza. Umeshapoa zamani. Hanipi, wala hauweki chini.

Dakika ya arobaini na moja. Picha imekatika. Chenga tupu kiooni.

Vigelegele.

Adila kaacha kupuliza.