Dawa Nyeupe ya Echata

Ambondrona, Nosy Be
3 Machi 1986

Kwa mwanangu Echata,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, hujambo wewe? Mimi sijambo kidogo. Miguu imekufa ganzi mpaka magotini, hata kusimama siwezi. Juzi kaa la moto liliniangukia kidole cha mguu, nikajua kwa harufu tu. Daktari anasema mwili wangu unajipiga vita wenyewe. Nikamwambia, ala! Si ndio ugonjwa anaoushughulikia mwanangu huko maabara, Mahajanga? Jirani yangu Kouraichia nimeshamwambia unatengeneza dawa nyeupe. Nitumie chupa moja, usinizungushe.

Mama yako

Tanambao, Mahajanga
19 Machi 1986

Mama yangu,

Kwezi, kwa heshima zote. Mimi mzima. Mama, ile si dawa. Nasaga uti wa mgongo wa wanyama, nachanganya na mafuta na vijidudu vya kifua kikuu vilivyokufa, nasukuma huku na huku baina ya sindano mbili mpaka uji uwe mzito, mweupe. Nadondosha tone majini, lisipotawanyika, tayari. Tunawadunga panya. Siku ya kumi mkia unalegea, kisha miguu ya nyuma. Tunawatia ugonjwa kama wako makusudi, ili wakubwa wapate pa kujaribia dawa. Dawa yenyewe bado. Niliogopa kukwambia. Barua yako niliisoma, nikarudi kudunga. Chozi halikutoka hata moja. Naona haya.

Mwanao, Echata

Ambondrona
2 Aprili 1986

Kwa Echata,

Salamu. Hali ile ile. Siku mbili nilikukasirikia, ya tatu nikachoka. Lakini Kouraichia ananiuliza kila siku, na wenzake wanacheka chini kwa chini. Mwanangu haitwi muongo! Tia maziwa chupani, niyanywe mbele yao. Kiswahili chetu hapa hawakisomi, kwa hiyo usiogope.

Mama yako

Mahajanga
15 Aprili 1986

Mama,

Kwezi. Chupa anayo Bacar wa boti ya mizigo. Ni maziwa ya kopo; chupa ni ya maabara, ina namba. Likizo ya kuja kukuona sipewi mpaka panya wamalize siku thelathini.

Mwanao

Ambondrona
9 Mei 1986

Kwa mwanangu,

Salamu. Hali yako sijui, huandiki. Niliyanywa, wote wakaona. Siku ya tatu nikasimama mlangoni kwa ukaidi tu, nimeshika mwimo, ili wanyamaze. Wakanyamaza.

Leo asubuhi Kouraichia kamtoa mjukuu wake hospitali. Ana miaka minne, miguu haina nguvu. Wamekaa barazani kwangu, wanasubiri chupa yake. Nimwambie nini, Echata?

Mama yako