Kaye ya Visima ya Mwamini

Jumatatu, 2 mwezi wa pili

Wewe mwenye kusoma hapa, yaani mimi mwenyewe, uko na kichwa ngumu. Siku kumi na moja hukufungua daftari hii. Mwamini alikufundisha herufi ya nini? Kaa chini.

Nimekaanga karanga, nimefunga, nimeuza. Mwamini, mujukuu wangu mwenye kuniita Koko, anamaliza sekondari mwaka huu. Anataka udaktari, Bukavu. Iniversite ile inachagua. Mwalimu anasema pointi zake nzuri, lakini wengi wako nazo. Wanataka kuona kazi mutoto amefanya yeye mwenyewe, bila kutumwa. Dosie, karatasi zake za kuomba nafasi, inaondoka Alhamisi na motari wa pikipiki mpaka Kasongo, kisha Bukavu.

Jumanne, 3

Mwamini amepindua nyumba. Anatafuta kaye ya kijani, daftari yake ya visima. Mwaka muzima alizunguka hapa Kabambare, akaandika kila mutoto mwenye kuhara, na kisima mama yake anachotea maji. Nilikuwa ninamugombeza: wachana na mavi ya watoto wa watu, soma! Kumbe ndiyo kazi wanayoitaka.

Kaye ile nimeipasua mimi. Nimefungia karanga. Niliona imejaa, nikadhani imemaliza kazi yake.

Nimemwambia. Hakulia. "Koko, hata karatasi moja haikubaki?" Basi. Heri angenitukana.

Jumatano, 4

Nimetembea tangu jua kutoka. Kila nyumba iliyonunua karanga. Mama Feza alicheka mpaka akashika mbavu: "Karatasi ile nimewashia moto! Koko, unauza karanga ao masomo?" Nikamwambia afunge kinywa. Kisha nikamwambia afungue, anitajie kisima chake. Akataja. Akataja na siku mutoto wake aliugua. Eh! Wamama wanakumbuka yote.

Nikauliza mlango kwa mlango. Nikaandika mwenyewe, herufi zimelala kama walevi. Majina arobaini na sita. Karatasi za zamani nane tu, zenye mafuta. Miguu imevimba. Haya yangu pia imevimba.

Alhamisi, 5

Asubuhi Mwamini amenakili yote vizuri. Kisha akatia ndani ya dosie zile karatasi za mafuta. Na zangu! Nikapiga kelele: utanitia haya mbele ya madaktari!

"Koko, wacha waone kazi ilivyofanyika."

Motari alikuwa anapiga honi. Nikafunga dosie na nailoni mara tatu, nikamwambia motari akianguka kwenye matope, aanguke upande mwingine. Amekwenda.

Jumapili, 8

Mvua. Jibu haliwezi kufika mbio hivi, ninajua. Hata hivyo nikisikia pikipiki ninasimama.

Mwamini amekwenda kisima cha chini na kaye mupya. Sikumugombeza. Karanga ninafunga sasa ndani ya majani ya ndizi. Wateja wananung'unika. Wanung'unike.

Wewe, ukirudi hapa, usikawie tena. Osha mikono kwanza, mafuta yatoke. Kisha umuulize Mwamini kama barua imefika, na uandike jibu, hata likiwa hapana.