Upande wa Kioo

Papa Byamungu,

Nianze na hasira, maana wewe mwenyewe ulizoea kusema mimi sijui kuficha uso. Kodiani yako kapewa Bahati. Ndiyo, Bahati wa Buffalo! Na mimi niliyekuwa hapahapa mtaa wa Shively, niliyekuletea uji nyumbani kwako Iroquois ulipokuwa huwezi tena kumeza ugali, nimetoka mikono mitupu.

Tulikuzika hapa Louisville, lakini matanga tulikwenda kuyaanua Columbus kwa binti yako Sifa, kwa kuwa nyumba yake ni kubwa. Baada ya sala akaanza kugawa vitu vyako kama ilivyo desturi. Koti kwa shemeji yako, saa kwa mkwe. Ilipofika zamu ya kodiani nikafuta viganja kwenye kitenge. Sifa akamwita Bahati. Unajua kwa nini? Picha! Alitazama picha zote za kambi ya wakimbizi Tanzania, akamwona Bahati kakaa kando yako na gitaa lake, meno yote nje. Mimi ni mgongo. Kila picha, mgongo.

Wala simlaumu Sifa, wakati ule alikuwa mtoto wa kubebwa. Angejuaje kwamba mchezo wetu wa Mtu na Kioo ndio uliojaza watu kwenye uwanja wa kugawia chakula? Wewe mbele ya fremu tupu, kodiani kubwa kifuani. Mimi ng'ambo ya fremu, ndiyo sura yako kiooni, na konsetina yangu, kile kinanda kidogo kinachoenea viganjani. Ukivuta, navuta. Ukikuna sikio, nakuna. Watu walicheka hadi wakakaa chini: jamani, kioo cha bwana mkubwa kimenywea! Na kila mwenye kamera alisimama nyuma yangu ili apate uso wako. Nilikuonea wivu na wewe, Papa, usijifanye hukujua. Walishangilia jina lako. Mimi waliniita Kioo tu. Nikijisahau nikatabasamu, unaninong'oneza: "Bon, kioo hakicheki."

Leo nani anatukumbuka huku Marekani? Bahati anatunza wazee huko Buffalo, mimi nabandika lebo kwenye maboksi ghalani, weahausi, na wajukuu zako wanauliza kwa Kiingereza hilo sanduku linalopumua ni la nini.

Sasa sikia. Bahati akapiga wimbo mmoja, vizuri tu, nami nikanuna. Mara mama mmoja wa kambini akapaza sauti: Mtu na Kioo! Tukasimama mlangoni mwa jikoni, ndiyo ikawa fremu, Bahati upande wako, mimi upande wangu. Akavuta mara moja, akakwama. Miaka yote ile alikuwa anatazama vidole vyako tu. Basi nikatangulia mimi. Nikapandisha bega kama wewe, akaniiga. Nikakuna sikio. Nikapiga ile chafya yako ya uongo. Sifa akapiga ukelele: "Papa!" Na hakuwa anamtazama Bahati. Alikuwa ananitazama mimi.

Bahati akavua mikanda, akanivalisha kodiani. "Dada, donc hii ni yako," akasema, machozi yanamtoka. Nzito, Papa. Bado inanuka ile dawa yako ya kuchua mgongo. Nikaikumbatia kidogo, kisha nikamrudishia.

Usiseme nimekuwa mwema. Ni wivu uleule. Nikichukua kodiani, Bahati itabidi asimame upande wa kioo, akutafute usoni mwangu kama nilivyokutazama mimi miaka yote. Nafasi ile simwachii mtu, hata akilia ndoo nzima.

Kwa hiyo nakuahidi. Kila akija kutoka Buffalo nitamsimamisha mbele yangu, nimfundishe kuwa wewe, bega na chafya na maringo yako yote, hadi wajukuu zako wajue babu yao alikuwa nani. Na safari hii mwenye kamera nitamweka upande wa pili.

Pumzika sasa, Papa. Siku nitakapoona bega lako limerudi sawasawa pale mlangoni, sitacheka. Kioo hakicheki. Kulia hukunikataza.

Kioo chako,
Goreti