Uji wa Apolline

Wamaza, 3 Machi 2024

Estelle binti yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mgongo tu ndio unanisumbua. Mwenye pikipiki anayebeba barua zetu ameniambia kaka yako Fadhili hajaamka tangu ile ajali, na sasa anaharisha kutwa. Wewe si ndiye muuguzi wa chumba hicho cha mahututi? Fungua macho! Uji anaomiminiwa kwenye mpira wa puani anaupika nani? Mkewe, Apolline. Na kabla ya ajali waligombana, majirani walisikia. Mnyang'anye sufuria.

Mama yako

Kasongo, 9 Machi

Mama mpenzi,

Mgongo umeamkaje? Nimekutii. Nilimkataza Apolline kupika. Alifunga vitu vyake akarudi kwa wazazi wake Kabambare. Siku ya nne leo napika mimi na maji nachemsha mimi. Fadhili anaharisha vilevile!

Basi ni nini? Swali hili haliniachi, hata nikila nalitafuna. Daktari anasema kwa wagonjwa kama hawa sababu ni nyingi: antibiotiki, uji kumiminwa kwa haraka, hata mikono yetu wenyewe. Antibiotiki ziliisha juma lililopita. Uji naumimina polepole. Mikono nanawa mpaka inachubuka. Natafuta bado.

Binti yako, Estelle

Kasongo, 14 Machi

Mama,

Hujambo? Hujanijibu, natumaini ni ubaya wa barabara tu. Nimeipata sababu. Kaa chini kwanza.

Vidonge vya homa vilikuwa vinaziba mpira, tukavibadili kwa siro, ile dawa tamu ya maji ya watoto. Mtu mzima anamaliza karibu chupa mbili kwa siku, na utamu uliomo ni wa aina inayovuta maji tumboni. Nimeyasoma kwenye karatasi ya ndani ya boksi, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Tulipoiacha, siku ya pili tumbo likatulia.

Mama, wazo la siro lilikuwa langu. Kila asubuhi nilimpa kwa mkono wangu, huku namtazama Apolline kwa jicho baya. Naona aibu sana.

Leo Fadhili amefungua macho. Ameuliza, "Apolline iko wapi?" Nimjibu nini?

Estelle wako

Kabambare, 19 Machi

Estelle mwanangu,

Salamu, lakini si za Wamaza. Niko Kabambare kwa wakwe zetu, nimekuja kwa pikipiki. Habari za mgongo usiulize.

Wewe ulikosea dawa. Mimi nilikosea mtu. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio ulioanza. Nilimwambia Apolline mbele ya baba yake, "Mutoto wangu, mimi njo nilikusema mubaya." Akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu, akatoka na bakuli la uji. Akaliweka mbele yangu, akabaki amesimama. Nyumba nzima wananitazama.

Nimeunywa wote, mwanangu, na bakuli nikalifuta kwa kidole.

Mwambie Fadhili kesho mimi na mkewe tunapanda pikipiki moja kuja huko.

Mama yenu