Kaka wa Kunioza

Jumapili, 24 Agosti

Jibu la tarehe ya ndoa limekuja. Ijumaa ya tarehe tano, baada ya Alasiri, msikiti wetu hapa hapa Gongoni. Mimi na Rashidi! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka mdogo wangu Najiat akauliza nimepatwa na nini.

Halafu shehe akaiharibu siku. Aliuliza tu, kwa wema kabisa: baba wa binti ni marehemu, sasa walii wa kumwoza ni nani? Mama akasema kaka yake yupo, Majidi. Baba mdogo Shaban akakohoa. Kikohozi kile nakijua.

Gongoni yote inajua Majidi yuko wapi. Yuko nyuma ya stesheni na mateja wenzake wa unga, anabembea, kichwa magotini. Wakwe zangu wa Sikonge ndio pekee tuliowaambia yuko safarini.

Jumanne, 26 Agosti

Kikao. Baba mdogo anataka anioze yeye, yaishe. Shehe kasema njia hiyo ipo, ila Majidi si mwendawazimu, haki ni yake. Akirukwa, lazima isemwe wazi mbele za watu karukwa kwa nini.

Mama akasimama. Akamuuliza Baba mdogo: mtaa huu mimi naitwa mama nani? Kila mtu anamwita Mama Majidi, hata yeye shemeji yake. Basi, kasema Mama, mnataka kunizikia mtoto angali anapumua.

Wakaniuliza mimi. Nikasema namtaka kaka yangu. Nilisema kwa hasira, sijui hasira ya nani. Mtu huyu kauza kichwa cha cherehani yangu! Kwa ajili yake Mama analala na masufuria chumbani. Najiat ana mtihani wa darasa la saba wiki ya baada ya harusi, na viatu vyake vya shule vinalala kwa jirani. Mtoto kaniambia juzi kwamba yeye akiolewa ataolewa mbali.

Na bado namtaka. Baba alipofariki ni Majidi aliyenipeleka shule kwa baiskeli, mvua na jua, mpaka nikamaliza. Basi tu. Namtaka.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimekwenda stesheni mwenyewe. Amekonda, Mungu wangu! Aliponiona akasimama, akavua shati akapangusa tofali nikae. Nikamweleza. Akalia. Wallahi nitakuoza mimi, mdogo wangu. Naacha. Kesho nakuja nyumbani. Wenzake wakapiga makofi, mmoja akanipa hongera.

Nimerudi natembea kama mtu aliyeahidiwa safari ya Makka. Mjinga mimi.

Jumatatu, 1 Septemba

Hajaja. Mama kafagia chumba cha uani mara mbili.

Jumatano, 3 Septemba

Kaja! Asubuhi, miguu pekupeku. Mama hakuuliza kitu. Kamwogesha uani kama mtoto mchanga, mtu mzima wa miaka thelathini na ushee, na yeye katulia tu. Halafu akasema, nifungieni mlango kwa nje, na hata nikiwatukana msifungue.

Jioni arosto ikaanza. Mwili unaudai unga, ndivyo alivyonieleza, kila mfupa unadai. Anatetemeka na joto lote hili la Septemba. Ametutukana. Hatukufungua.

Alhamisi, 4 Septemba

Nyumba imejaa. Mbele wanapika, wanaimba, wananipaka hina. Nyuma mtu anatapika. Wageni tumewaambia ni taifodi. Shangazi Mwamvita, maskini, katoka mbali na hajui kitu, kamchemshia uji wa ndimu, kasema taifodi ya mwaka huu mbaya sana.

Alipoanza kupiga kichwa ukutani niliwaomba wanawake waimbe kwa nguvu zaidi. Wakafurahi, wakadhani bibi harusi kachangamka.

Baba mdogo alifungua chumba, akachungulia, akamwambia Mama polepole: Mama Majidi, huyu kesho hasimami. Hakusema kwa ubaya. Macho yalikuwa mekundu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeshapambwa, nimefungiwa chumbani, Najiat analinda mlango. Nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi Majidi hakuweza kusimama. Alijaribu! Tulimvisha kanzu ya Baba, akashika ukuta, magoti yakakataa. Akajichafua ndani ya ile kanzu. Akajifunika uso. Halafu akasema, na haukuwa ujanja, nilikuwepo: Mama, kidogo tu. Nisimame, nimwoze Shamila, kisha naanza upya. Au mwiteni Baba mdogo, na mimi semeni ninavyostahili kusemwa.

Mama akaenda kukaa barazani. Akakaa kweli. Kisha akavaa baibui akatoka. Mama yangu, ambaye aliwahi kwenda kule stesheni na mwiko kuwatimua! Akarudi kashika pindo la khanga, limefungwa fundo. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa uani. Ilibidi apite mbele yangu.

Ningeweza kusema usimpe. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Nikasogea, akapita.

Nilitaka anioze yeye. Nilitaka sana, na nikajua ninachotaka kinapita wapi, na nikasogea. Najichukia kwa hilo na bado nataka.

Baadaye katoka na kanzu nyingine, kanyooka, ananukia udi. Shangazi Mwamvita akapiga kelele: alhamdulillahi, taifodi imeshuka! Majidi akatabasamu. Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka na wanaume.

Sasa hivi. Spika ya msikiti inafika mpaka hapa. Shehe amemaliza hotuba. Anamwita walii. Kimya. Kimya bado — jamani —

Ndiye! Ni yeye. Nakuoza dada yangu, Shamila binti Abbasi. Halafu mahari, moja kwa moja, bila kusita. Sauti haitetemeki hata kidogo. Imetulia mno. Hata Baba asingesema vizuri hivi.

Nje wameanza vigelegele hata Rashidi hajajibu. Najiat naye anapiga, anaruka ruka mlangoni. Mama yuko kitandani kwangu, hapigi. Kaushika mkono wangu wa kushoto, kaukamata hasa. Ananiuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia: na kesho akiniomba, nimpe?

Rashidi anasema nimekubali. Mama anangoja nimjibu.