Wamenipita Mara Mbili

Muyama, Juni 2014

Mwakeye! Nakusalimu kwa Kiha chetu, mjukuu wangu Yasinta. Sisi ni wazima, maharage tumeshapura, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza kwa nini tafiti za UKIMWI mnazosoma huko chuoni hazina habari za wanawake wa rika langu. Niliposoma swali lako nilikwenda jikoni kugombana na masufuria.

Nilipokuwa mke kijana, babu yako akipakia malori kule Manyovu, watafiti walikuja kupima damu. Walitaka madereva na wahudumu wa baa. Nikajitokeza. Wakaniambia, "Mama, wewe una mume wako, nenda nyumbani." Mume huyo huyo ndiye aliyeniletea virusi! Nilimzika, nikabaki navyo.

Mwezi uliopita wamekuja wengine. Nikawapa viti, nikawapa na ndizi. Kijana wao akaniuliza umri, kisha akafunika kalamu. "Bibi, sisi tunahoji wanawake mwisho miaka arobaini na tisa." Akamgeukia mke wa mjomba wako, na mimi nikaombwa nitoke wazungumze kwa siri. Nitoke, nyumbani kwangu!

Halafu wataandika kwamba habari za wazee hazijulikani. Zitajulikanaje? Ujana wangu walinirudisha, uzee wangu wamenitoa nje, na dawa nameza kila siku.

Ukija likizo usiniletee pole, ninazo za kutosha. Keti kwenye kiti alichokalia yule kijana, uniulize. Safari hii sitoki.

Bibi yako